Soketi ya ajenti wa sauti inakatika dereva anapokwenda kutafuta karatasi zake

MkaziWaChangamwe:

Asalamu aleikum ndugu zangu. Ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitengeneza ajenti wa sauti anayejibu maswali ya madereva wa malori kwa Kiswahili: kontena fulani limeachiliwa au bado, liko uwanja upi, karatasi gani inasubiriwa. Dereva hufungua ukurasa wetu katika simu yake, hubonyeza kitufe kimoja, kisha huzungumza. Sauti yake husafiri kwa WebSocket, yaani muunganisho (soketi) unaobaki wazi kwa pande zote mbili, hadi kwenye seva yetu iliyo katika wingu, ambako hugeuzwa kuwa maandishi na jibu kutungwa, na sauti ya ajenti hurudi kwa soketi ileile. Tulichagua sauti kwa ajili ya madereva wenyewe. Nambari ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na mtu aliyekesha njiani kutoka Malaba hapendi kuiandika kwa kidole kwenye kioo chenye ufa. Hupenda kuitaja kwa mdomo, kama anavyomtajia karani dirishani.

Nikiwa ofisini kila kitu hufanya kazi. Matatizo huanza getini.

La kwanza ndilo linaloninyima usingizi. Dereva akiombwa nambari ya kontena husema "ngoja kidogo", hushuka, huzunguka nyuma ya lori au hupekua karatasi zake, na ajenti hukaa kimya akimngoja. Nimepima kwa saa ya mkononi mara kumi na moja: sekunde 60 baada ya neno la mwisho la ajenti, soketi hukatika, na kivinjari huonyesha nambari 1006 bila maelezo yoyote. Kinachonishangaza ni kwamba kipaza sauti hakijazimwa. Ukurasa unaendelea kutuma kipande cha sauti kila milisekunde 20, milio ya injini na honi yote inapanda kwenda kwenye seva, na logi ya seva inaonyesha kwamba vipande hivyo vilipokelewa hadi dakika ileile ya kukatika. Muunganisho unawezaje kuhesabiwa kuwa umelala ilhali unafanya kazi?

La pili ni kwamba dereva akianza mazungumzo akiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, kisha akatoka getini, simu huhamia kwenye data ya mtandao wa simu na ajenti hunyamaza. Ukurasa bado unasema umeunganishwa, na huendelea kusema hivyo kwa muda mrefu. Dereva akibonyeza upya, ajenti huanza tena na salamu na kumwuliza nambari ambayo ameshaitaja mara mbili. Juzi mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, huyu mtu wenu hakumbuki kitu." Maneno hayo yameniuma kwa sababu ni kweli.

La tatu ni dogo. Katika simu chache sauti ya ajenti hutoka nzito na ya kuvutika kidogo, mithili ya mtu aliyeamshwa usingizini. Jibu ambalo kwenye simu yangu huchukua sekunde 20, kwenye simu hizo huchukua karibu sekunde 22. Sauti yenyewe huja kutoka kwenye seva ikiwa na sampuli, yaani vipimo vya sauti, 24,000 kwa sekunde.

Wenzangu wananishauri niiache WebSocket kabisa. Kabla sijabomoa nyumba, ningependa kujua kama kasoro iko kwenye msingi au iko mlangoni.


FundiWaTudor:

Waaleikum salaam, ndugu. Umepima vizuri, na jibu la swali lako la kwanza limo ndani ya kipimo chako. Muunganisho ukikatika kwa sababu ya mtandao mbovu, hukatika ovyo: leo sekunde 14, kesho dakika tatu. Ukikatika kwa sekunde 60 kamili mara kumi na moja, ujue kuna mahali mtu ameweka saa.

Kati ya simu ya dereva na programu ya ajenti wako pana proksi, yaani seva ya katikati inayopokea na kupitisha mawasiliano. Kama ni nginx, programu moja ya kazi hiyo, mpangilio wake unaoitwa proxy_read_timeout huwa sekunde 60 usipoubadilisha, na visawazisha mzigo vya watoa huduma za wingu navyo huwa na saa zao za namna hiyo. Sasa sikiliza jinsi saa ya nginx inavyohesabu, kwa maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Haiangalii pande zote mbili. Inajiuliza jambo moja tu: seva iliyo nyuma yangu imetuma kitu lini kwa mara ya mwisho? Sauti ya dereva inayopanda haiirudishi saa hiyo nyuma hata kwa sekunde moja. Kwa hiyo ajenti wako anayemngoja dereva kimya kwa adabu ndiye anayeonekana amekufa, na proksi humzika.

Nambari 1006 inathibitisha jambo hilo. Itifaki ya WebSocket, iliyochapishwa kama RFC 6455 mwezi wa Desemba 2011, inakataza nambari hiyo kutumwa kwenye waya. Kivinjari hujiandikia chenyewe pale muunganisho unapokwisha bila fremu ya kufunga, yaani pale ambapo hakuna aliyeaga. Kama programu yako ingefunga kwa hiari ungeona 1000, kama ingepatwa na hitilafu ungeona 1011, na kama ujumbe wako ungekuwa mkubwa kupita kiasi ungeona 1009. Ukiona 1006, acha kwanza kupekua msimbo wa ajenti na uanze kumtafuta aliye katikati.

Dawa yake imo ndani ya itifaki yenyewe. Kuna fremu mbili ndogo, ping na pong, ambazo mimi huwaeleza vijana ninaowafundisha kwamba ni hodi na karibu: upande mmoja unabisha, wa pili unaitikia, na wote wawili wanajua kwamba nyumba ina watu. Iagize seva yako ibishe hodi kila baada ya sekunde 20. Lazima hodi itoke kwenye seva, kwanza kwa sababu saa ya proksi inaangalia upande huo, na pili kwa sababu msimbo wa JavaScript ndani ya ukurasa hauna njia ya kutuma ping. Kivinjari hujibu pong chenyewe bila hata ukurasa kujua. Nakusihi usichukue njia ya mkato ya kuongeza sekunde 60 ziwe saa nzima bila kuweka hodi, kwani utabaki na mamia ya miunganisho iliyokufa ambayo seva inaitunza kama hai.

Swali la pili ni zito zaidi, na ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa wewe. Muunganisho wa TCP, njia ya usafirishaji ambayo WebSocket hutembea juu yake, hutambulikana kwa anwani na mlango (port) wa pande zote mbili. Simu ikitoka kwenye Wi-Fi na kupewa anwani nyingine, muunganisho wa zamani unabaki bila mwenyewe, wala hakuna ujumbe unaotumwa kuwaarifu waliobaki. Ndiyo maana ukurasa wako unasema umeunganishwa: haujui. Na kwa kuwa ukurasa hauzioni ping za kivinjari, inakubidi uongeze ujumbe wako mwenyewe wa maandishi, mfupi, unaotoka kwenye seva kila sekunde 5. Ukurasa ukikaa sekunde 12 bila kusikia chochote, uihesabu soketi hiyo kuwa imekufa na ufungue nyingine bila kumsubiri dereva abonyeze.

Hata hivyo kufungua soketi mpya hakutamridhisha yule mzee, kwa sababu umeyafunga mazungumzo ndani ya soketi; soketi ikifa, mazungumzo yanakufa nayo. Yatenganishe. Dereva anapoanza, seva imtolee kitambulisho cha mazungumzo, na hali yote, yaani nambari iliyotajwa, swali lililoulizwa na sentensi iliyokuwa ikisemwa, ihifadhiwe nje ya soketi, mahali ambapo seva zako zote zinapafikia, kwa sababu dereva akirudi huenda akapokelewa na seva nyingine kabisa. Kila ujumbe unaoshuka uwe na namba ya mfuatano. Ukurasa ukiunganishwa upya useme: mimi ni mazungumzo fulani, nimesikia hadi ujumbe wa 41. Seva iendelee na wa 42. Dakika tatu za kuhifadhi zinatosha kwa mtu anayevuka geti. Kama wengi wako wanaingia kwenye feri pale Likoni, mpe dakika kumi na tano.

Majaribio ya kuunganisha upya yasiwe ya papo kwa papo. Ngoja nusu sekunde, kisha moja, kisha mbili, kisha nne, na kila mara uongeze kiasi kidogo cha bahati nasibu. Siku utakapoiwasha upya seva yako, simu zote zilizo kwenye foleni zitabisha hodi kwa pamoja, na bila bahati nasibu hiyo zitaendelea kubisha kwa pamoja kila mara.


BintiMvita:

Kaka, mimi nitagusa lile la tatu tu, kwa kuwa lilinipotezea wiki nzima mwaka jana. Sekunde 22 badala ya 20: gawanya 48,000 kwa 44,100 utapata takriban 1.09. Bila shaka msimbo wako unachukua sampuli 24,000 za seva na kuzifanya mara mbili ili zifike 48,000, kwa kudhani kwamba kila simu hucheza sauti kwa kiwango hicho. Simu nyingi ndivyo zilivyo, lakini zipo zinazocheza kwa 44,100, na huko sauti itavutika na kushuka. Wala usidhani kwamba hasara ni ya masikio tu. Kama upande wa kipaza sauti nako unagawanya kwa tatu bila kuuliza, simu hizohizo zinakutumia sampuli 14,700 ambazo wewe unaziambia seva kuwa ni 16,000, na dereva anasikika huko kama mtu anayesema haraka kwa sauti nyembamba. Angalia kama simu hizo ndizo ambazo utambuzi wa maneno hukosea zaidi.

Kwa upande wa kucheza, tengeneza bafa ya sauti, yaani ghala la muda, iliyotangazwa wazi kuwa ni ya 24,000, na kivinjari chenyewe kitaibadilisha kulingana na simu. Kwa upande wa kurekodi, soma kiwango halisi cha kifaa kabla ya kubadilisha chochote. Na uwe macho na vifaa vya masikioni vya Bluetooth: kipaza sauti chake kinapotumika, sauti hupita kwenye njia ya simu, ambayo ni sampuli 16,000 au hata 8,000 kwa sekunde.

Jambo lingine, ingawa hukuuliza. Unatuma sauti kama baiti tupu au umeifunga ndani ya JSON, yaani muundo wa maandishi? Sampuli 16,000 za biti 16 ni baiti 32,000 kwa sekunde, yaani kipande chako cha milisekunde 20 kina baiti 640 na dakika moja ni megabaiti 1.92. Ukiifunga kwa base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi, ili iingie kwenye JSON, inaongezeka kwa theluthi moja na kufika megabaiti 2.56, na ile theluthi ni bando la dereva linalokwenda bure. WebSocket ina fremu za baiti kando na fremu za maandishi, nazo zinaweza kupita kwenye soketi moja: sauti iende kwa baiti, maagizo yaende kwa maandishi.


NahodhaKilindini:

Nimesoma yote na ninayaheshimu, lakini mimi nakubaliana na wenzako wa ofisini. WebSocket inatembea juu ya TCP, na TCP haitoi kipande cha nyuma kabla ya kile cha mbele kufika. Pakiti moja ikipotea, zilizo nyuma yake zote husubiri mpaka itumwe tena, hata kama zimekwisha kufika salama. Ni kama gari moja kuzimika kwenye njia ya kupandia feri ya Likoni: yaliyo nyuma yana injini nzima, lakini hayaendi popote. Kisha pakiti iliyopotea ikifika, sauti ya sekunde mbili humwagika kwa pamoja. WebRTC, teknolojia ya mazungumzo ya moja kwa moja ndani ya kivinjari ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha rasmi Januari 2021, hupitisha sauti kwa UDP, ambayo haisubiri pakiti iliyopotea, huibana sauti kwa Opus, na iliyochelewa huachwa. Kwa mazungumzo ya watu, pendekezo la G.114 la ITU-T, chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, na huwezi kuukaribia ukiwa na foleni ya namna hiyo.

Na seva yako iko wapi? Mwanga ndani ya kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 ni milisekunde 10 kwenda na kurudi, hata kama vifaa vyote njiani vingekuwa havichelewi hata kidogo. Kutoka hapa hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, na kebo hazinyooki. Sisi wa Mombasa tumezoea kujivunia kebo za baharini zinazotua kwetu, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, LION2 tangu 2012, na PEACE baadaye. Lakini kebo kutua Mombasa si seva kuwa Mombasa. Kwa walio huku Afrika ya Mashariki, vituo vya Afrika Kusini ni vya kufikiriwa: AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ina kituo Cape Town tangu 2020 na Google ina chake Johannesburg tangu 2024. Ila usipime siku moja njema ukaridhika. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja katika pwani ya kusini, na njia uliyoizoea ikawa haipo.


FundiWaTudor:

Nahodha, kuhusu masafa sina neno la kupinga, na ningeongeza kwamba umbali unahesabiwa mara mbili endapo seva ya ajenti iko Cape Town huku modeli ya kutambua sauti ikiwa Marekani. Lakini kuhusu WebRTC natofautiana nawe katika kazi hii.

Kanuni ya kuacha kilichochelewa inafaa pale anayesikiliza ni binadamu, kwa sababu sikio letu hujaza pengo. Hapa anayemsikiliza dereva ni kitambuzi cha maneno, na anachosikiliza ni nambari. Chukua "tatu" na "tano". Silabi ya pili ikipotea, zote mbili zinabaki "ta". Afadhali kitambuzi kipate neno zima likiwa limechelewa milisekunde 300 kuliko kupata nusu yake kwa wakati. Kwa bahati nzuri tarakimu ya saba ya nambari ya kontena ni ya ukaguzi, hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia; kwa hiyo, ndugu wa Changamwe, ajenti wako aikokotoe kabla ya kutafuta chochote, na isipolingana aombe nambari irudiwe.

Upande wa kushuka, ambako anayesikiliza ni mtu, tatizo la foleni hupungua kwa sababu nyingine. Seva hutengeneza usemi haraka kuliko unavyotamkwa: sentensi ya sekunde nane huweza kufika kwenye simu ndani ya sekunde moja au mbili, kisha hungoja kwenye bafa, na mtandao ukisita kidogo hapo katikati dereva hatajua. Hatari ya upande huu ni nyingine, nayo huwafanya madereva waseme kwamba mashine haisikilizi. Dereva akimkatiza ajenti, seva hunyamaza mara moja, lakini bafa ya simu ina sekunde sita zilizosalia, nazo zinaendelea kusemwa juu ya sauti yake. Seva lazima itume agizo la kufuta bafa, na ukurasa ujibu kwa kusema dereva alikuwa amesikia milisekunde ngapi, ili ajenti asidhani kwamba ameshaeleza jambo ambalo halikufika masikioni. Kuondoa mwangwi hakuhitaji WebRTC nzima; ni ombi moja la echoCancellation unapofungua kipaza sauti, na linafanya kazi hata ukituma kwa WebSocket.

Halafu kuna mazingira. WebSocket salama hupita mlango 443 kama ukurasa wowote. Ofisi nyingi za viwanja vya makontena nilizowahi kuzihudumia haziruhusu UDP kupita kwenye mtandao wao, na huko WebRTC itakuhitaji uweke seva ya TURN ya kupitishia. Kama angekuwa anaunganisha dereva na karani aliye hai, ningemwambia ahamie leo.

Jambo moja tu la kulinda kwenye njia ya kupanda: soma bufferedAmount ya soketi, yaani baiti ambazo bado zinangoja kutumwa. Ikipita baiti 32,000, sekunde nzima ya sauti imekwama kwenye simu. Usiitupe. Mwonyeshe dereva kwamba mtandao ni mzito, ili asiendelee kusema akidhani anasikika.


NahodhaKilindini:

Hoja ya "tatu" na "tano" nimeikubali. Kwa nambari, mfuatano kamili una thamani kuliko wepesi.


MkaziWaChangamwe:

Mungu awabariki. Nimekagua: proksi ni sekunde 60, na base64 ilikuwamo. Nina swali moja la aibu kidogo. Ufunguo wa huduma ya sauti kwa sasa umo ndani ya ukurasa wenyewe. Nilitaka kuuhamishia kwenye kichwa cha Authorization, yaani sehemu ya ombi inayobeba kibali, lakini sioni mahali pa kukiandika ninapofungua WebSocket kwenye kivinjari.


BintiMvita:

Kaka, hapo hapana mahali. Kivinjari hakikuruhusu kuongeza vichwa vyako unapofungua WebSocket. Na huo ufunguo uutoe leo, usingoje kesho, kisha uufute kule ulikoupata na uombe mwingine, kwa maana yeyote aliyefungua ukurasa wako ameweza kuusoma.

Ufunguo wa kudumu ukae kwenye seva yako peke yake. Ukurasa uiombe seva hiyo kwa HTTPS ya kawaida tokeni, yaani kibali, ya muda mfupi, tuseme sekunde 60, inayotumika mara moja kufungulia soketi. Kuipeleka tokeni kuna njia tatu. Ukiiweka kwenye anwani, itaandikwa kwenye logi za kila proksi inayopita, jambo ambalo halina madhara makubwa kwa tokeni ya dakika moja lakini mimi silipendi. Wengine huipitisha kwenye sehemu ya itifaki-ndogo (subprotocol), ambayo kivinjari hukuruhusu kuijaza. Mimi huituma kama ujumbe wa kwanza kabisa baada ya soketi kufunguka, na seva hufunga kwa 1008 isipoipata ndani ya sekunde tano. Pia seva ikague kichwa cha Origin, kinachotaja tovuti ambako ukurasa umetoka, wakati wa kufungua. Ulinzi wa kivinjari unaozuia ukurasa mmoja kusoma majibu ya tovuti nyingine hauigusi WebSocket, kwa hiyo usipokagua mwenyewe hakuna atakayekukagulia.

Usifungue soketi dereva anapobonyeza kitufe. Kabla ya baiti ya kwanza ya sauti kupita kuna safari ya TCP, safari ya TLS 1.3 ya kuweka usalama, na safari ya ombi la kupandisha HTTP kuwa WebSocket, linalojibiwa kwa 101. Ni safari tatu kamili za kwenda na kurudi. Kama kila moja ni milisekunde 200, dereva amesema "hujambo" yote kabla mlango haujafunguka. Fungua soketi ukurasa unapofunguka, na kipaza sauti kingoje kidole chake.

Na mkihifadhi sauti hizo, hata kwa majaribio, waambieni madereva kabla hawajaanza kusema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inautaja utambuzi wa sauti katika maana ya data za kibayometriki, na hao ni watu wanaotamka majina yao na mizigo ya wenyewe.


MkaziWaChangamwe:

Nimerudi baada ya siku tisa. Hodi inatoka kwenye seva kila sekunde 20. Nilisimama mwenyewe getini kwa dakika saba bila ajenti wala mimi kusema neno, na soketi haikukatika. Simu tatu zilizokuwa na sauti ya kuvutika zote ni za 44,100, kama dada alivyosema, na kwenye logi za zamani ni hizohizo zilizokuwa zikiombwa kurudia nambari mara kwa mara.

Kutenganisha mazungumzo na soketi ndiko kulikochukua muda mrefu. Nilikosea mwanzoni kwa kuirudisha sentensi yote iliyokatika, hata sehemu ambayo dereva alikwisha kuisikia, na ikawa ajenti anarudia rudia. Sasa ukurasa unasema umesikia milisekunde ngapi, na ajenti anaanzia kwenye neno lililofuata kituo. Jana jioni nilianza kutaja nambari nikiwa mezani, nikatoka nikitembea hadi nje ya geti. Ukimya ulidumu sekunde kumi na nne, nyingi zikiwa ni zile kumi na mbili za kungoja, kisha akasema: "Naam, tuendelee. Umefika tarakimu ya nne." Sekunde kumi na mbili bado ni nyingi kwa mtu aliyesimama juani. Nimeanza kutuma ujumbe wa seva kila sekunde 2 na kuihesabu soketi kuwa imekufa baada ya 5, na kwa siku mbili sijaona soketi nzima ikiuawa kimakosa, ila nitaendelea kuangalia wakati wa msongamano wa asubuhi kabla ya kushusha zaidi.

Seva tumeiacha ilipo mpaka nipime njia zote mbili kwa wiki moja, mchana na usiku. Opus bado sijaiweka. Kwa kilobiti 24 kwa sekunde, dakika ya sauti ya dereva ingeshuka kutoka megabaiti 1.92 hadi 0.18 hivi, na nitaanza na njia ya kushuka, kwa kuwa sauti yake ya sampuli 24,000 ndiyo inayokula bando zaidi dereva anaposomewa orodha ya karatasi zinazosubiriwa.